Mzee Eli na Mwanamke Aliyedhaniwa Amelewa

(Maneno yaliyosemwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme machache juu ya neno lisikikalo mara nyingi katika mikutano yetu mtu apatwapo na msiba: ya kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Neno hilo lina faraja likisemwa na mfiwa mwenyewe. Lakini likisemwa na wale walioombwa msaada, mara nyingi huwa njia ya kufunga daftari.

Twaomba mkumbuke habari za Hana, mkewe Elkana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Hana hakuwa na mtoto, naye Penina, mke mwenzake, alimchokoza kila mwaka walipokwea kwenda Shilo kutoa dhabihu. Angalieni jambo hili: Maandiko yenyewe yanaeleza kwamba Bwana ndiye aliyemfunga Hana tumbo. Basi Penina hakukosea habari. Alikosea maana yake. Alidhani kufungwa ni kukataliwa, kumbe ndimo atakamotoka Samweli, nabii aliyewatia mafuta Sauli na Daudi.

Tena yuko Eli, kuhani. Alikuwa ameketi kitini penye mlango wa hekalu, akaiona midomo ya Hana ikicheza pasipo sauti, akadhani amelewa, akamkemea. Wako wamdharauo Eli kwa sababu hiyo, sisi hatumdharau. Watu walikuwa wametoka kula na kunywa, naye alikuwa mlinzi wa heshima ya nyumba ya Mungu. Kosa lake lilitoka katika bidii, wala si katika uovu, na kwa hiyo latuhusu sana sisi wa vyama. Walakini Hana alipomjibu kwa adabu kwamba hakunywa kitu, bali ana uchungu mwingi, mzee hakushindana naye. Alimwombea heri, akamruhusu aende kwa amani.

Miaka ikapita, na mtoto yule yule aliyeombewa akawa akimtumikia Eli. Usiku mmoja aliitwa, akamkimbilia mzee, akarudishwa kulala. Ikawa hivyo hata mara ya tatu, ndipo Eli alipotambua ni nani aitaye. Fikirini: kuhani mzee, macho yamefifia, anapitwa na sauti ambayo yeye ndiye aliyestahili kuisikia, nayo yamwendea mtoto. Hakuona wivu. Alimfundisha kijana jinsi ya kuitika. Hata asubuhi alimwapiza asimfiche neno, na habari ilikuwa ya hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, kwa ajili ya wanawe Hofni na Finehasi. Aliisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba ni Bwana aliyenena.

Sasa, mbele ya Halmashauri yetu huja wajane, wagonjwa na watu waliofukuzwa kazi. Wengine hawajui kusema mbele ya wakubwa. Midomo hucheza tu. Nasi twamuuliza mtu kwanza kama amelipa ada, kisha twanong'onezana alilotenda hata Mungu akamwadhibu.

Kwa hiyo twaleta ombi hili lijadiliwe leo: mwenye shida apewe kiti, aachwe aseme mpaka amalize, ndipo Katibu afungue daftari la ada.