Uyoga Mkavu Hunywa Maji ya Hewani

Leo twataka kusema nanyi habari ya uyoga mkavu, maana watu wengi hudhani ya kuwa kitu kikiisha kauka kimekauka daima. Sivyo.

Sote twajua kwamba uyoga huota wakati wa mvua, nasi hatuna budi kuukausha katika miezi ile ile ambayo hewa ya milima yetu ya Mbinga imejaa maji. Uyoga mbichi, katika sehemu 100, sehemu 90 hivi ni maji. Kilo 10 zikikaushwa vema hubaki kilo 1 tu, au zaidi kidogo.

Mwili wa uyoga ni nyuzi nyembamba zilizosongamana. Maji yakitoka, katikati ya nyuzi hubaki nafasi tupu, kama sifongo. Na nyuzi zenyewe zimejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilicho katika gamba la panzi, nacho hushika maji. Basi hata pasipo tone la mvua, uyoga mkavu huyavuta maji ya hewani mpaka ulingane na unyevu wa hewa hiyo. Wenye mashamba ya kahawa wajua jambo hili, ndiyo sababu hufunika kahawa iliyoanikwa jua linapokuchwa.

Tulipokuwa watoto, nyumbani kwetu uyoga ulikaushwa vizuri, ukatiwa katika kapu wazi, ukawekwa sakafuni. Ulipotazamwa tena ulikuwa laini, wenye madoa ya kijani. Kapu zima likatupwa, nasi tukala ugali kwa chumvi. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeleta ukungu wa kapuni.

Kanuni ya mataifa ya mwaka 1981 yasema maji ya uyoga mkavu yasizidi sehemu 12 katika 100. Nyumbani hatuna mizani ya kupimia hayo, lakini twaweza kufanya hivi. Vunjeni kipande: kikikatika kwa mlio, kimekauka, kikipindika, kirudisheni juani au juu ya meko. Kisha tieni uyoga kidogo katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, mzibe, mtikise, mngoje. Chumvi ikishikamana na chupa, maji yangali mengi.

Uliokauka uacheni upoe, kisha siku ile ile utieni katika chombo chenye kifuniko cha kubana, nacho kisikae sakafuni. Wenye ukungu utupeni. Kuuanika tena hakuondoi sumu. Wala kukausha hakugeuzi uyoga wa sumu kuwa chakula.

Waalimu, twawaomba muwaonyeshe watoto habari ya chupa na chumvi, nao watawaonyesha mama zao.