TUMNGOJE BWANA TUKIWA KAZINI

(Mafundisho kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Kalemng'orok. Mnaweza kuyasoma katika mkutano wa kikundi chenu kabla ya kutoa michango.)

 

Leo tuongee juu ya kumngojea Bwana Yesu. Sisi Wakristo tunaamini kwamba atarudi. Lakini kuna swali ambalo watu wanaulizana kwenye vikundi, na ni vizuri tulijibu mbele ya wote: Kama Bwana yuko karibu, kwa nini nitoe mchango wa mwaka mzima? Kwa nini ninunue mbuzi wa kuzalisha? Kwa nini mtoto aende shule?

Swali hili si la mzaha. Mwezi wa Aprili 2023, huko Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi msituni. Watu walikuwa wameambiwa wafunge bila kula mpaka wakutane na Yesu. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na kati yao watoto walikuwa wengi. Jirani zetu wa Uganda waliona msiba kama huo mapema zaidi. Huko Kanungu, viongozi wa dhehebu moja walitangaza kwamba dunia ingeisha pamoja na mwaka 1999. Waumini wengine waliuza mali yao. Mwaka ukapita, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada.

Tusiwacheke marehemu. Wengi walikuwa watu waliomtafuta Mungu kwa moyo. Walidanganywa juu ya saa.

1. Saa ni ya Mungu

Someni Mathayo 24:36. Yesu anasema siku ile hakuna anayeijua, hata malaika hawaijui, ila Baba peke yake. Tena katika Matendo 1:7 wanafunzi waliuliza habari za nyakati, wakaambiwa hilo liko mikononi mwa Baba. Halafu papo hapo wakapewa kazi ya kufanya. Basi mtu akija hapa na tarehe, hata kama ana Biblia mkononi na machozi machoni, anadai kujua jambo ambalo malaika hawalijui. Usimpe mbuzi wako. Usimpe mtoto wako.

Kufunga ni kuzuri kwa mtu mzima mwenye afya, na wakati ukifika anakula. Mtoto, mama mjamzito na mgonjwa anayemeza dawa wasifungishwe. Ukiona familia imeacha kula kwa sababu ya mafundisho fulani, mwambie chifu na viongozi wa kanisa siku hiyo hiyo.

2. Kungoja sisi tunakujua

Watu wa Turkana hawahitaji mwalimu wa kungoja. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa tukiona. Ni nani aliyejua mwezi ambao akiporo ingerudi? Hakuna. Lakini je, tulikaa tu chini ya mti tukitazama juu? Wafugaji walihamisha mifugo. Akina mama walichimba maji kwenye mchanga wa lagga. Mwenye ekwar kando ya mto aliilinda miti yake ya ewoi, maana matunda yake ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa akamu. Mtu akiikata ewoi yake kwa sababu ameambiwa mvua ni kesho, tutamwitaje?

Mwaka 2023 mvua ilirudi, na mwisho wa mwaka ilileta hata mafuriko sehemu nyingi za Kenya. Aliyebakiza mbuzi jike wawili alikuwa na pa kuanzia.

Yakobo 5:7 anatumia mfano huo huo, wa mkulima anayengoja mvua kwa subira. Ndugu zetu wa Katilu wanaolima kwa maji ya mto Turkwel wanaelewa: usiposafisha mfereji, maji yakija yanakupita.

3. Tuwe na huruma kwa aliyechoka kungoja

Kuna mama aliyeomba mvua kila siku, na mnyama wake wa mwisho akafa kabla haijanyesha. Huyo tumwambie nini juu ya wakati wa Mungu? Hatuna jibu jepesi. Tusimwambie kwamba imani yake ilikuwa ndogo. 2 Petro 3:9 inasema Bwana hakawii, anatuvumilia. Basi nasi tumvumilie huyo mama. Kikundi kimpe mbuzi mmoja, akizaa arudishe mwana-mbuzi mmoja kwa mwenzake.

4. Bwana atatukuta tukifanya nini?

Katika Luka 12:42-43, mwenye heri ni yule mtumishi ambaye bwana wake akija anamkuta akigawa posho kwa wakati. Posho tunaijua! Tunajua uchungu wa kupanga foleni tangu asubuhi, na aliyepewa kazi ya kugawa haonekani. Kwa hiyo mweka hazina anayeandika kila shilingi, yeye anamngojea Bwana. Kamati ya maji inayotengeneza pampu kabla haijaharibika kabisa, inamngojea Bwana. Mzazi anayempeleka binti yake shule anamngojea Bwana. Akirudi leo, awakute hapo. Akirudi baada ya miaka mia, wajukuu wetu watakuwa wamekunywa maji.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ameambiwa mwisho umefika? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Katika ukame uliopita, ni nini kilichotusaidia kuvuka? Tunakitayarisha sasa?
3. Bwana akirudi kesho, vitabu vya kikundi chetu vitakuwa sawa?

Mungu awabariki.