Kabla ya Kulipia Meza: Rangi au Vanishi?



Meza ya Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, yaweza kumaliza mshahara wetu. Basi tuangalie kilichopakwa juu yake.

Rangi ya mafuta huzuia jua, lakini huficha mafundo na nyufa. Pindua meza utazame chini yake.

Ile rangi nyembamba inayoingia ndani ya mbao huifanya saiprasi ifanane na mahogani, wala haiilindi. Mimi nilidanganyika hivyo. Maji yalipomwagika, alama haikutoka tena. Ingepakwa vanishi juu yake.

Vanishi huonyesha mbao yenyewe, na nyumbani naipenda. Nje, jua la Kajiado huipenya, likaila mbao, nayo ikabanduka. Benchi langu la uani, karibu na reli ya Magadi, nimelipaka rangi ya mafuta.