TANGAZO LA CHUO LIMFIKIE ALIYE MBALI
(Mazungumzo kwa watumishi na wananchi)



Mwanafunzi anayesoma Tunguu hupita mbele ya ubao wa matangazo kila siku; asiposoma leo, atasoma kesho. Hali si hiyo kwa aliyeko Kidahwe, Mkoa wa Kigoma, njia panda ya kwenda Kasulu na Uvinza. Yeye husomea nyumbani katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1994. Kituo chake kipo Kigoma mjini. Chuo hicho kina vituo Unguja na Pemba pia, hivyo jambo hili ni letu sote.

Kwa mtu huyo, siku ya mtihani ikibadilishwa naye asijue, amepoteza nauli, siku ya kazi na huenda mwaka wa masomo. Mwalimu aliyeitwa kikaoni kwa tangazo lililochelewa naye huhesabiwa mtoro bila ya kosa.

Kwa hivyo, watumishi wanaohusika wanakumbushwa yafuatayo:

1. Siku, tarehe, saa na pahala viandikwe kwa ukamilifu.
2. Mtoa tangazo ataje cheo chake.
3. Mabadiliko yatangazwe kwa njia zile zile za tangazo la mwanzo: ubaoni, kwa simu na kwa intaneti.
4. Tangazo lililopitwa na wakati libanduliwe.

Wananchi nao wanaombwa kumfikishia jirani habari waliyoipata. Habari ni amana.