Mai Mahiu Si Mahali pa Kupita Tu



Leo tuongee kuhusu huu mji wetu mdogo na watu wake. Muulize mtu wa Nairobi Mai Mahiu ni nini. Atakwambia ni pale barabara inapogawanyika, huku Naivasha, huku Narok. Unakula, unajaza mafuta, unaenda zako. Hata lile kanisa dogo kule kwenye mteremko, walilojenga wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, watu wanalijua kwa sababu wanalipita. Lakini sisi hatupiti. Sisi tunaishi hapa.

Na tumetoka kila upande. Jina la mji ni la Kikuyu, maana yake maji moto. Wamaasai wamechunga ng'ombe bonde hili tangu zamani. Wengine walifurushwa makwao kwa ghasia za 2007 na 2008, wakaanza maisha upya hapa. Wengine wameletwa na kazi ya malori, na wengine na reli ya SGR iliyofika upande huu 2019. Mama wa chai, tanboi, fundi wa tairi, kijana wa bodaboda, hao ndio Mai Mahiu.

Sasa mbona nasema tuhesabiwe? Skizeni. Sensa ya 2019 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Dereva wa Mombasa aliyelala lojing' ya hapa alihesabiwa hapa. Jirani yako aliyekuwa safarini Malaba alihesabiwa huko. Naivasha yote ilipata watu 355,383, na kaunti ya Nakuru 2,162,202. Hizo namba si mapambo. Pesa za kaunti hugawanywa kwa kuangalia pia idadi ya watu. Mipaka ya wadi, vivyo hivyo. Ili mahali paitwe mji kisheria lazima pawe na watu 10,000 au zaidi, na manispaa 50,000. Ukikosa kwenye hesabu, umekosa kwenye bajeti.

Na si pesa peke yake. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya alfajiri, maji yalishuka Kamuchiri yakabeba nyumba na watu. Waliokufa walizidi 45, na familia zilikaa siku nyingi zikitafuta watu wao kwenye matope. Siku kama hiyo, swali la kwanza ni: nyumba hii ilikuwa na watu wangapi? Mpangaji aliyehamia juzi, ambaye jirani hamjui na mzee wa mtaa hamjui, ni nani atamtaja kwa jina?

Kuna pia hesabu ya kuumiza. Mwaka 1962 Syria ilifanya sensa ya siku moja mkoani Hasakah. Wakurdi wapatao 120,000 wakavuliwa uraia, kwa kuwa eti hawakuthibitisha kwamba waliishi huko kabla ya 1945. Watoto wao wakazaliwa bila uraia. Ni mwaka 2011 tu ndipo serikali ilipoanza kuwarudishia wengi wao. Na hapa kwetu, Wanubi na watu wa kaunti za mipakani wanajua vizuri maana ya kuzungushwa kwa sababu ya kitambulisho.

Kwa hivyo, vijana, tusingoje sensa ijayo ya 2029. Kama umefika miaka 18 na huna kitambulisho, kifuatilie wiki hii. Kama unaishi hapa lakini kura yako iko kwenu mashambani, ihamishe. Kikao cha bajeti cha wadi kikitangazwa, nenda, hata kama utasimama nyuma. Na leo jioni, gonga mlango wa mpangaji mgeni kwenye ploti yako. Muulize jina, muulize kwao ni wapi, mjue.

Mji mdogo una faida moja: tukiamua, tunaweza kujuana wote.