Nyumba na Mashahidi Wake: Soko la Makazi kutoka Panzi hadi Luvungi

Pembezoni mwa Bukavu, nyumba mbili zenye kuta za mbao zilezile, bati lilelile na vyumba vya idadi ileile zinaweza kuuzwa kwa bei zinazoachana mbali. Tofauti hiyo hutokana na mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona akisimama uani: nani aliitoa ardhi kwanza, nani yuko tayari kushuhudia kwamba aliitoa, na kama ofisi iliyoandika jambo hilo itaendelea kuaminika. Ubora wa ujenzi huja baadaye. Mhadhara huu unalifuata soko hilo kuanzia vitongoji vya mji wenyewe hadi Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 iendayo Uvira. Hoja yake ni kwamba kila soko lilipobadilika, aliyebadilika kwanza alikuwa shahidi, na bei ikafuata.

Mji ulijengwa kwa kutenga. Ulipokuwa ukiitwa Costermansville, hadi miaka ya 1950, Wazungu walikaa kwenye rasi zinazoingia ziwani Kivu, penye Nguba, Muhumba na La Botte, na Waafrika wakapangiwa Kadutu, kisha Bagira. Shirika la nyumba za Waafrika, Office des Cités Africaines, lililoundwa mwaka 1952, lilijenga huko Bagira nyumba za matofali ambazo mpaka leo hutajwa kama mfano wa mtaa uliopimwa kabla ya kukaliwa. Nje ya mistari hiyo ilianza ardhi ya mwami, mtawala wa jadi, wa Kabare. Hapo ndipo mizizi miwili ya ushahidi ilipotengana. Ndani ya mji, haki ya ardhi ilithibitishwa kwa rejista. Dola Huru ya Kongo ilikuwa imeiga mfumo ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, ambapo kilichoandikwa katika kitabu cha serikali ndicho haki yenyewe. Nje ya mji, haki ilithibitishwa na watu waliokuwapo siku ardhi ilipotolewa.

Desturi ya Bashi, wenyeji wa ardhi hiyo, iliyotawala huko nje ina kanuni zake, wala haikuwa kiholela kama maofisa wa kikoloni walivyopenda kuieleza. Mtu aliyetoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, kwa mwami au kwa mkubwa aliyemwakilisha, alipata ardhi ya kudumu ambayo watoto wake wangeirithi. Aliyepewa ardhi kwa bwasa aliipata kwa muda tu, akaruhusiwa kulima mazao ya msimu, maharage au viazi, lakini si kupanda migomba, kwa sababu mgomba hukaa na anayeupanda hukaa nao. Kwa hiyo mgomba wenyewe ulikuwa hati: jirani aliyeuona alijua ni haki ya aina gani iliyopo. Vitongoji vingi vya leo vimejengwa juu ya mashamba ya aina hizi mbili, na kesi nyingi zinazosumbua wanunuzi huanzia hapo, mwenye bwasa alipouza kama mwenye kalinzi.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, namba 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980, ilitaka kumaliza uwili huo kwa sentensi moja. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya dola peke yake, haiwezi kuuzwa wala kupotea kwa kupitwa na muda. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki ya kudumu ya kuitumia. Mgeni na kampuni hupewa haki ya muda, miaka 25 inayoweza kurefushwa. Kifungu cha 219 kinaeleza kwamba haki hiyo huwa halali kwa cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za mali zisizohamishika. Kuhusu ardhi ya kimila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya rais ingepanga haki za wakazi wake. Amri hiyo haikutoka. Nusu karne imepita, na mamilioni ya watu wanaishi ndani ya ahadi iliyobaki kifungu kwenye karatasi.

Matokeo ya maandishi hayo sokoni ni ya ajabu kidogo. Kwa kuwa udongo ni wa dola na jengo ni la mtu, kiwanja kitupu kisheria hakina cha kuuzwa. Kwa hiyo kila anayeshika kiwanja hukimbilia kusimamisha kitu: kibanda cha mbao, msingi wa mawe usioendelea, au chumba kimoja anamoishi sentineli, mlinzi wa kiwanja, na familia yake. Msafiri anayepita kitongoji cha Kasha, au njia ya Kavumu, huona majengo mengi ambayo hayajaisha na hudhani fedha zimekwisha. Mara nyingi jengo limekwisha kutimiza kazi yake, kazi ya kusema kwamba hapa pana mwenyewe.

Vita ndivyo vilivyolipa soko hili ukubwa wake. Kuanzia vita vya 1996 na vya 1998, watu wa Walungu, Kabare, Shabunda na Kalehe walikimbilia mjini kwa mawimbi, wengi wao wasirudi. Mji haukuwa na pa kuwaweka. Kadutu ilijaa hadi nyumba zikashikana ukuta kwa ukuta. Panzi, iliyokuwa pembezoni kabisa, ikakua haraka zaidi baada ya hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, kuvuta kazi, biashara na wapangaji. Wakati huohuo mashirika ya misaada na kikosi cha Umoja wa Mataifa yalipanga vila za rasi kwa dola, na kodi hizo zikapandisha matarajio ya kila mwenye nyumba, hata aliyekuwa mbali na ziwa. Upande wa Kabare, wenye mashamba makubwa ya zamani ya kahawa na kwinini waliona kwamba kiwanja kinalipa kuliko zao, wakayakata vipande. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 iliweka mpaka wa garanti, yaani amana ya mpangaji, ya nyumba ya kuishi kuwa miezi 3 ya kodi; wenye nyumba wengi huomba zaidi, na mpangaji aliyekwisha kulipa garanti kubwa mara kadhaa hufikia hesabu moja: afadhali kibanda chake mwenyewe mlimani.

Safari ya mnunuzi huanzia kwa dalali, aitwaye hapa komisioneri. Huyu hulaumiwa kwa kila wizi wa parseli, yaani kiwanja, mjini, na wapo wanaostahili lawama, lakini kazi yake halisi haina mbadala. Anajua nani anataka kuuza kwa sababu ya ugonjwa au karo, nani ana mgogoro na kaka zake, na mahali ambapo mpaka ulisogezwa usiku. Habari hizo hazipo ofisini. Akishapatikana muuzaji, huitwa majirani wa pande zote za kiwanja, shefu wa avenyu au mjumbe wa nyumba kumi, wazee wa familia, na mtu anayejua kuandika. Mpaka hupitiwa kwa miguu, fedha huhesabiwa mbele ya wote, na akti ya mauzo husainiwa na kila aliyekuwapo. Malipo huwa ya dola taslimu, na noti iliyochanika hata kidogo kwenye ukingo hurudishwa. Kuna mauzo yaliyokwama kwa noti moja chakavu. Baadaye mnunuzi mwenye uwezo huenda kwa mthibitishaji, kwa wapimaji wa kadasta, na hatimaye kwa mhifadhi wa hati. Wengi huishia kwenye akti. Wanasheria huwaona kama watu waliokatisha njia. Hukumu hiyo ni nyepesi mno: katika kesi nyingi, maswali ya hakimu hurudi palepale, kwa majirani waliosaini, na cheti kilichopatikana bila wao ndicho huzaa kesi ndefu kuliko zote.

Kwenye kuta na mageti ya Bukavu husomeka maandishi ya rangi nyeusi au nyekundu, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, kwamba nyumba au parseli hii haiuzwi. Maneno hayohayo yako Dar es Salaam na miji mingine mingi ya Afrika. Mgeni huyachukua kama kichekesho. Ukweli ni kwamba maandishi hayo ni rejista ya wananchi, yenye faida moja ambayo rejista ya serikali haina: mnunuzi huyasoma hata kama hajauliza. Anayeyaandika mara nyingi si mwenye nyumba anayemwogopa mgeni. Ni ndugu anayemwogopa ndugu.

Familia ndiyo mlango wa migogoro mingi. Kanuni ya familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka wanandoa wakubaliane kabla mali isiyohamishika haijatolewa, na inawapa watoto wa marehemu sehemu kubwa ya urithi, wavulana kwa wasichana, waliozaliwa ndani ya ndoa na nje yake waliotambuliwa na baba. Desturi haikuhesabu hivyo. Mtoto mkubwa wa kiume aliyebaki nyumbani huuza akiamini ameachiwa dhamana. Miaka michache baadaye dada aliyeolewa Goma au ndugu aliyekuwa Ulaya hufika na cheti cha kuzaliwa. Mnunuzi mwangalifu huomba saini za watoto wote, na hapo bei hupungua au biashara hufa. Bei nafuu mno kwa kawaida inamaanisha kuna saini isiyokuwapo.

Ardhi yenyewe nayo hushuhudia. Funu, katika komini ya Kadutu, ni mteremko mkubwa unaoteleza polepole ukiwa umebeba maelfu ya wakazi; kuta hupasuka, milango hukataa kufungwa, na muuzaji hupaka chokaa mwezi mmoja kabla ya kuonyesha nyumba. Tetemeko la 3 Februari 2008, la ukubwa wa karibu 6, liliangusha nyumba nyingi mjini na ng'ambo ya Ruzizi. Moto nao huteketeza mitaa ya mbao kila kiangazi, kwa sababu gari la zimamoto halina njia ya kupita kati ya nyumba zilizobanana. Cheti cha usajili hakisemi lolote kuhusu haya. Jirani husema.

Kushuka kutoka Bukavu kwenda kusini, kupitia Nyangezi na miteremko ya Ngomo, barabara inaingia Kamanyola kisha Luvungi, katika teritori ya Uvira. Hewa inakuwa ya joto, mpunga na mihogo vinachukua nafasi ya migomba, na nyumba za mbao zinaachia za matofali, ya kuchoma kwa mwenye nacho na ya kukaushwa juani kwa wengine. Saruji hutoka kiwanda cha Bugarama, Rwanda, umbali mfupi kutoka Kamanyola, kwa hiyo mfuko hauna safari ndefu. Wafanyabiashara na watumishi wa Bukavu waliochoshwa na mlima walianza kuuangalia uwanda huu: ardhi tambarare, nafasi ya bustani, magari ya Uvira na Bujumbura yakipita mlangoni. Hii ndiyo maana halisi ya kitongoji katika Kivu ya Kusini, mahali ambapo kiwanja kimoja cha mjini hulingana na vitatu au zaidi, mradi barabara iko wazi.

Lakini shahidi wa Luvungi si yule wa Panzi. Ardhi hapa iko ndani ya uchifu wa Bafuliiru, ambako itulo, zawadi kwa mkubwa wa ardhi, ilifanya kazi iliyo karibu na ile ya kalinzi. Karatasi ya mnunuzi husainiwa na shefu wa kijiji na wa groupement, kundi la vijiji, na thamani yake inategemea wao kutambuliwa. Jirani yake ni uchifu wa Uwanda wa Ruzizi, wa Barundi, na ugomvi kati ya pande hizo mbili kuhusu nani anatawala wapi umemwaga damu zaidi ya mara moja. Mnunuzi anayetoka Bukavu na mazoea ya kadasta huuliza kama karatasi ni sahihi. Mwenyeji huuliza aliyesaini anatambuliwa na nani.

Swali hilo la mwenyeji limekuwa la kila mtu tangu Bukavu iingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Benki zilifungwa, dola taslimu zikawa adimu, na wauzaji waliohitaji fedha za kukimbilia Uvira au Bujumbura walikubali bei ambazo mwaka uliotangulia wangezicheka. Wanunuzi wenye fedha mkononi walipata walichotaka kwa nusu ya matarajio, lakini wakapata pamoja nacho saini za maofisa ambao Kinshasa haiwatambui. Desemba 2025 mapigano yalishuka uwandani, yakapita Luvungi kuelekea Uvira, na wakazi wakahama kwa wingi wakiacha nyumba bila mtu. Nyumba isiyo na mtu hapa hupoteza shahidi wake mkuu, mwenye kuishi ndani yake, na asiyerudi mapema hukuta mwingine ameanza kujieleza kwa majirani wapya.

Kwa karatasi zilizosainiwa katika kipindi hiki, sheria ya 1973 inatoa muda. Kwa kifungu cha 227, cheti cha usajili kinathibitisha haki kikamilifu, na kikishatimiza miaka 2 bila kupingwa hakibatilishwi tena. Aliyedhulumiwa hubaki na madai ya fidia tu. Vyeti vilivyotolewa mwaka 2025 vitatimiza muda huo mwaka 2027. Kama aliyevisaini atahesabiwa kuwa mhifadhi halali, wenye navyo watakuwa salama kuliko majirani wenye kalinzi ya karne. Kama hatahesabiwa, miaka hiyo 2 haitakuwa imeanza kuhesabiwa, na kila mauzo ya kipindi hicho yatarudi kwa watu waliosimama kwenye mpaka siku fedha zilipohesabiwa, wale watakaokuwa bado wanaishi mtaani.