Kiti na Maranda Yake

Kwenye maonyesho ya wanafunzi wa useremala, tumezoea kukikalia kiti, kukitikisa miguu, kusifia vanishi yake na kuendelea na safari. Swali moja hatuliulizi: mbao iliyoingia karakana ilikuwa kiasi gani, na iliyotoka ikiwa kiti ni kiasi gani?

Mwaka 2012 jijini London, wanafunzi wa Royal College of Art walibanwa kwa maswali ya aina hiyo. Walibuni viti 12 vya mbao ngumu kutoka Marekani, vikaonyeshwa katika makumbusho ya Victoria and Albert. Kila kiti kilipigiwa hesabu ya athari zake kwa mazingira, tangu mti ulipokatwa msituni.

Wawili kati yao, Marjan van Aubel na James Shaw, walitazama sakafu ya karakana. Walibaini kwamba utengenezaji wa kawaida hupoteza kati ya asilimia 50 na 80 ya mbao. Wakazoa maranda, wakayachanganya na gundi yenye asili ya mimea. Mchanganyiko ukaumuka, ukawa kama uji mzito, wakaupaka kwa mikono upande wa chini wa kiti na kuuongeza unene panapotakiwa nguvu. Ulipokauka, ukawa mgumu na mwepesi.

Hapa kwetu Tanzania, maranda hutandikwa kwenye mabanda ya kuku, mengine huchomwa. Kuku wana haki yao. Lakini mti wa mninga huchukua zaidi ya nusu karne kukomaa, na mti wa umri huo haustahili kuishia bandani kwa sababu tu fundi hakupanga vipimo vyake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo vya VETA na vya vyuo vingine vya ufundi: maonyesho yajayo, kila kiti kiwekewe kadi. Iandikwe aina ya mbao, ilikotoka, uzito ulioingia karakana na uzito wa kiti kilichokamilika. Kazi hiyo haidai maabara, inadai mizani na kalamu. Mwanafunzi anayejua kwamba atapimwa hivyo atachora vipande vyake vyote kwenye ubao kabla ya kuwasha msumeno. Na mteja aliyezoea kuisoma kadi hiyo ataidai hata anapoagiza kabati kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam. Hapo ndipo fundi anayeitunza mbao atakapolipwa kwa umakini wake.